Saa Iliyofutwa: Hukumu juu ya Picha za Safari

Zamani mtu aliyerudi safarini aliketi barazani akasimulia aliyoyaona, na wasikilizaji walipima maneno yake kwa kuijua tabia yake. Ikiwa ni mtu wa chuku, walipunguza. Ikiwa ni mtu wa kweli, waliyapokea yote. Leo msafiri hatumii maneno mengi. Hutoa simu mfukoni, huonyesha picha, na waliopo hunyamaza, kwa kuwa watu wengi hudhani ya kuwa picha haiwezi kusema uongo. Twataka kuipima dhana hiyo, na kuuliza neno moja ambalo lafaa kuulizwa na kila mwenye kamera kabla hajatoka nyumbani: picha njema ya safari ni ipi?

Wengi hujibu upesi kwamba picha njema ni ile inayopendeza macho. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Ili tuone upungufu wake, na tutwae picha moja yenye sifa kubwa, tuitazame kwa utaratibu, kisha tutoe hukumu.

Mpiga picha ni Edward S. Curtis, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1868 na kufa mwaka 1952. Alikuwa na duka la picha katika mji wa Seattle, akipiga picha za watu wa mjini wenye fedha. Baadaye aliiacha kazi hiyo ya raha, akashika safari ya miaka mingi kati ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1906 tajiri J. P. Morgan alikubali kumpa dola 75,000 za kuendesha kazi hiyo. Matunda yake ni vitabu 20, viitwavyo The North American Indian, vilivyotolewa kuanzia mwaka 1907 hata mwaka 1930, na dibaji ya kitabu cha kwanza iliandikwa na Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati huo. Curtis hakupiga picha tu. Aliandika habari za desturi, alikusanya maneno ya lugha, na nyimbo alizinasa kwa mitambo ya sauti ya siku zile. Mtu asimdharau. Alivumilia baridi, njia mbaya na madeni, na kazi yake ilimgharimu mali na nyumba yake.

Picha tunayoitaka yaitwa In a Piegan Lodge, maana yake, ndani ya hema la Wapiegan. Ilipigwa yapata mwaka 1910. Wapiegan ni watu wa jamii ya Blackfeet, nao wakaa hata leo katika jimbo la Montana. Ndani ya hema wameketi wanaume wawili chini, Little Plume na mwanawe Yellow Kidney. Mwanga ni wa upole, hauchomi wala haufichi. Nyuso zao zaonekana vizuri, na pande zote giza la hema limewazunguka hata jicho la mtazamaji halina pa kwenda ila kwao. Vitu vya nyumbani vimetundikwa juu yao. Kwa mpango wa mistari na kwa mwanga, hii ni kazi ya fundi.

Na fundi huyo hakuacha picha yake bila maelezo. Katika maneno yaliyochapwa pamoja na picha aliwataja wote wawili kwa majina, akaeleza kwamba mahali walipoketi ni mahali pa heshima, mkabala wa mlango. Akataja kiko na ubao wa kukatia tumbaku. Akataja ngao ya ngozi ya nyati, furushi refu la vitu vitakatifu, upepeo wa bawa la tai, na vitu vya ngozi vya kumpambia farasi. Hata kamba inayoning'inia toka juu aliieleza kazi yake, kwamba wakati wa dhoruba ncha yake hufungwa kwenye kigingi ili hema lising'olewe na upepo. Msomaji angedhani kwamba hakuna kilichosahauliwa.

Lakini nakala ya picha ile kabla haijaguswa ipo hata leo katika maktaba kuu ya taifa la Marekani, na ndani yake kuna kitu ambacho kitabuni hakimo. Baina ya baba na mwana pana saa. Ni saa ya mezani, ya kiwandani, imewekwa mahali pa katikati kabisa. Katika picha iliyochapwa kitabuni saa hiyo imefutwa. Kamba ya hema ilielezwa; saa iliyokuwa mbele ya macho ikaondolewa. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Hapa mwenyewe alikuwapo, na lake lilikuwapo, na bado likatolewa.

Kwa nini saa ile ilimchukiza mpiga picha au mchapaji wake? Twaweza kuipata sababu katika kazi yenyewe. Picha ambayo Curtis aliitanguliza mbele ya nyingine zote ni ile ya mwaka 1904 iliyoitwa The Vanishing Race, yaani taifa litowekalo. Yaonyesha Wanavajo juu ya farasi, wamefuatana mstari mmoja, migongo kwetu, wakienda kuingia kwenye kivuli. Huo ndio wimbo aliotaka kuuimba tangu mwanzo, kwamba watu hawa wanakwisha, na yeye amekuja kuchukua sura zao kabla jua halijatua. Mtu aliyekwisha kuamua hivyo afanye nini na saa? Saa yasema kwamba Little Plume hakuwa akitoweka. Alikuwa akiishi mwaka 1910 kama watu wengine wa mwaka 1910. Alinunua kilichomfaa, akakiweka karibu na kiko cha baba zake, wala hakuona ugomvi kati ya hivyo viwili.

Na mambo yaliyotokea yalimkanusha mpiga picha. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1900 wenyeji wa asili waliohesabiwa Marekani walikuwa kama 237,000. Katika hesabu ya mwaka 2020 watu milioni 9.7 walijiandika kuwa na asili hiyo, ama peke yake ama pamoja na asili nyingine. Njia za kuhesabu zimebadilika sana, kwa hiyo hesabu hizo mbili hazipimwi kwa kipimo kimoja. Lakini watu waliotoweka hawajiandikishi kwa mamilioni.

Sasa hukumu yetu ni hii. Hatusemi kwamba picha ile ni mbaya kwa macho. Twasema imepungukiwa kwa sababu imepoteza mwaka wake. Ukiwa na saa, ni picha ya baba na mwana walioketi nyumbani kwao siku fulani, na mtazamaji huanza kuuliza maswali: nani aliinunua, ilisimamishwa pale kwa fahari au kwa matumizi, mwana aliijali kuliko baba? Bila saa, ni picha ya Wahindi wa kale, wasio na siku wala mwezi, na mtazamaji haulizi kitu, kwa maana alikwisha kuyajua yote kabla hajafungua kitabu. Picha iliyochapwa ni tulivu zaidi. Ile yenye saa ina uhai zaidi.

Huenda mtu akatujibu: Je, si kila mpiga picha huchagua? Asimamapo upande huu huacha upande wa pili, na asogeapo mbele huacha yaliyo pembeni. Neno hili ni kweli, nasi twalikubali. Hata kupanga watu ili waketi vizuri si kosa lenyewe. Tutoe mfano wa pili ili tofauti ionekane.

Mwezi wa Mei mwaka 1904, mwaka ule ule wa picha ya Wanavajo, mwanamke Mwingereza aitwaye Alice Seeley Harris alikuwa katika misheni ya Baringa, katika nchi ya Kongo iliyokuwa chini ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji. Watu wa huko walilazimishwa kuleta mpira wa porini kwa kiasi kilichowekwa, na kijiji kilichopungukiwa kiliadhibiwa na askari wa kampuni. Mtu mmoja, jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na kiganja kidogo na mguu mdogo, masalio ya binti yake Boali, aliyeuawa na askari hao. Bibi Harris alimwomba aketi ukingoni mwa baraza, na masalio yale yawekwe mbele yake, akampiga picha.

Tazama basi: picha hii nayo ilipangwa. Nsala hakuketi pale kwa bahati. Lakini mpango huu haukuondoa kitu. Uliweka mbele ya macho ya watu jambo lililokuwa likifichwa. Tena picha yenyewe haipigi kelele. Nsala hatutazami sisi. Ameinama kidogo, anatazama kilichobaki cha mtoto wake, nasi twajiona kama watu waliofika nyumbani kwa mfiwa kabla hawajakaribishwa. Mtazamaji huchukua muda kabla hajatambua ni nini kilichowekwa sakafuni, na akitambua, hawezi kusahau. Picha za Kongo zilichapwa katika vijitabu, kikiwamo kile cha Mark Twain cha mwaka 1905, na Bibi Harris na mumewe John walizionyesha kwa taa mbele ya mikutano mikubwa huko Ulaya na Marekani. Kelele za watu zilizidi, na mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa nchi ile, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Hatusemi kwamba picha peke yake ilifanya hayo, kwa maana ziliandikwa ripoti nyingi na mashahidi wa Kongo wenyewe walisema. Twasema kwamba picha ilikuwa shahidi mmoja kati ya mashahidi, na ushahidi wake ulikuwa na jina la mtu, jina la mtoto, jina la mahali, na mwaka. Yaondoe majina hayo, na msiba wa Nsala huwa ni msiba wa Mwafrika yeyote, unaotazamwa kwa huruma ya dakika moja na kuwekwa kando.

Kwa hiyo kipimo chetu si kwamba mpiga picha alipanga au hakupanga. Kipimo ni hiki: Je, mpango wake umefanya mtu aliyepigwa picha ajulikane zaidi, au ajulikane kidogo zaidi? Curtis aliahidi kitabu cha maarifa, kisha akapunguza maarifa ili picha ifanane na fikira yake. Twampima kwa ahadi yake mwenyewe, wala si kwa ahadi yetu.

Msomaji asidhani kwamba habari hii ni ya wageni wa mbali tu. Ni kweli kwamba wageni waliokuja kwetu wamefanya kama Curtis mara nyingi; wametafuta nyumba ya nyasi wakaigeuzia mgongo ile ya bati, wakamwomba mzee avue koti lake. Lakini sisi nasi, tukipata nauli na simu nzuri, twafanya vivyo hivyo. Kijana atokaye mjini akizuru Wamasai wa Ngorongoro humwambia mchungaji wa ng'ombe afiche simu yake chini ya shuka, ili picha iwe ya asili. Mwalimu akifika kwa Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi hutafuta mwenye upinde, na aliyevaa suruali humwambia akae pembeni. Kisha hurudi nyumbani na kusema, tazameni, watu wale bado wako vile vile. Wako vile vile kwa kuwa amewaambia wawe hivyo. Na siku hizi hata kazi ya kumwambia mtu imepungua, maana simu zenyewe zaweza kufuta nguzo, pikipiki au mtu mzima kwa kuguswa na kidole. Kazi iliyotaka mkono wa fundi siku za Curtis sasa yafanywa na mtoto ndani ya basi.

Basi msafiri afanyeje ili picha zake ziwe bora? Twatoa maneno machache, mengine ya mkono na mengine ya moyo, kwa kuwa hayatengani.

Kwanza, ajue mwanga. Katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta jua la adhuhuri husimama utosini. Kivuli cha nyusi huangukia macho, na kivuli cha pua huangukia mdomo, hata uso wa mtu huwa kama kinyago. Asubuhi na alasiri mwanga huja kwa ubavu, nao huonyesha umbo la vitu. Aendaye Kilwa Kisiwani kutazama Msikiti Mkuu na azitazame nguzo zake asubuhi. Ataona kila shimo la jiwe la matumbawe na kila mahali palipopakwa chokaa. Saa sita ukuta ule ule huonekana bapa kama karatasi. Ikiwa hana budi kupiga picha ya mtu mchana, amweke barazani au ukingoni mwa kivuli cha mwembe, uso ukielekea mahali peupe.

Pili, ajue jinsi kamera inavyopima. Kamera haijui lililo muhimu. Huchanganya mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au mbele ya mbingu, kamera hushika weupe ule, na uso hupotea gizani. Wengi hudhani hilo ni kosa la uso. Ni kosa la mpiga picha. Na agusie kidole usoni pa mtu juu ya kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo, au ambadilishie mtu mahali pa kusimama.

Tatu, asogee kwa miguu yake. Picha nyingi za safari zimejaa mchanga na mbingu, na jamaa wa watu wamesimama mbali kama vijiti. Lakini mtu hawezi kumsogelea mwenzake bila kusalimu. Hapo ndipo ufundi na adabu hukutana, kwani anayesalimu, akaulizwa habari za kwao, akakaa kidogo, hupewa uso ambao mpita njia hapewi. Na akikataliwa, arudishe kamera mfukoni bila kunung'unika. Macho hayana pazia, wazee walisema, lakini kamera inalo, na mkono wa mwenyewe ndio unaolishusha.

Nne, asiondoe saa. Baiskeli iliyoegemea ukuta, redio juu ya kinu, fulana ya mpira wa miguu mwilini mwa mvuvi, mtungi wa gesi kando ya mafiga: vitu hivyo ndivyo vitakavyowaambia wajukuu picha ilipigwa lini na watu waliishije. Mpiga picha wa leo huviona kuwa takataka kwa sababu huviona kila siku. Baada ya miaka 50 ndivyo vitakavyotazamwa kwanza.

Tano, aandike. Siku ile ile, kabla hajalala, aandike jina la mtu kama mwenyewe alivyolitamka, jina la mahali, tarehe, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Picha isiyo na maandishi hufa pamoja na kumbukumbu ya aliyeipiga.

Mwisho, arudishe. Akiahidi kuleta nakala, aipeleke. Wako wazee wengi katika nchi zetu ambao sura zao zimo katika vitabu na nyumba za makumbusho ng'ambo, na jamaa zao nyumbani hawana hata picha moja ya kuweka ukutani. Nakala ya karatasi yauzwa kwa bei ndogo katika kila mji wenye duka la picha, nayo humfanya mpiga picha kuwa mgeni anayengojewa arudi.

Twarudi kwenye swali letu. Picha njema ya safari, kwa hukumu yetu, ni ile ambayo aliyepigwa aweza kuitazama pamoja na watoto wake na kusema, ndimi, na hii ni nyumba yangu, na hiki ni kitu changu. Little Plume angeiona picha ya kitabuni angejitambua, bila shaka. Kisha angeuliza saa yake iko wapi.